Mianya Kumi na Miwili

Waliniita kwa sababu ya jini.
Bwana Taib, mwenye ghorofa la Kizingo, hakusema hivyo;
alisema "kero", akasema wapangaji wawili wamehama,
kisha akashusha sauti: hulia usiku, kusi ikikaza,
na shehe keshasoma mara mbili.
"Lisemwalo lipo," Kalume bawabu akanifungulia lango.

Nikapanda na futikamba, kipimaupepo, daftari la miraba.
Juu, baina ya tangi la maji na kamba za nguo,
ukuta wa saruji una mianya kumi na miwili,
imesimama wima, upana wa vidole viwili,
kina cha kiganja, nyuma imezibwa.
Mwashi aliiacha kwa urembo.
Upepo haugongi ukuta huu. Waupangusa tu, ukipita.

Na hivi ndivyo kitu hujifundisha kulia:
upepo ukifika ukingo wa kwanza hukosa pa kushika,
hujikunja, kama pindo la leso iliyoachiwa.
Kisulisuli hicho, kidogo kuliko kikombe cha kahawa,
huvuka mwanya, hujipasua kwenye ukingo wa pili,
na kutoka pale habari hurudi,
si upepo, ni msukumo mtupu,
wenye mbio kuliko upepo uliouzaa,
ukafika ukingo wa kwanza, ukaikuta hewa ndiyo kwanza yajikunja,
ukaiambia: sasa.
Na sasa. Na sasa.
Hakuna apulizaye. Anayejibu ndiye aliyeuliza.

Nikakalia ndoo iliyopinduliwa, nikakokotoa.
Mwanya, sentimita nne. Upepo, mita kumi kwa sekunde.
Muda wa kisulisuli kwenda na wa habari kurudi
sharti uingie mara kamili, bila chenji,
ukiondoa ile robo ya kuchelewa
ambayo hata walionifundisha waliipokea tu, kama deni la marehemu.
Kisulisuli kimoja njiani: mitetemo mia na tano.
Viwili: mia mbili arubaini na tano.
Hii ya pili nikaipigia mstari, kwa kiburi.
Ukuta ulikuwa kimya bado.
Lisemwalo, kama halipo, laja.

Baada ya magharibi likaja.
Simu yangu ikasoma mia mbili thelathini na nane.
Saba pungufu! Nikacheka peke yangu pale juu
kama mtu aliyeokota pete.

"Waitafuta n'ni, mwanangu?"
Bi Mwanashuru wa nyumba namba tisa, na beseni kiunoni.
Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu mwenye nguo mbichi.
"Mimi ikilia nene, naanika hata mashuka.
Ikiruka ikawa nyembamba, ghafla, bila kupanda ngazi,
naanua, maana upepo huo hubeba na vibanio.
Mwaka wa sita huu. Haijanidanganya."

Bila kupanda ngazi.
Kurasa mbili nilizitumia mimi kusema neno hilo.
Nilikuwa nimeushika upepo, nikaifuata sauti;
yeye huishika sauti akaujua upepo.
Hesabu ile ile, ila yasomwa kutoka kulia,
kama barua za babu yangu.

Dawa ni nyepesi: chonga ukingo wa pili, ulale mshazari,
kisulisuli kiteleze, habari ikose mjumbe.
Kesho yake Kalume akaja na tindo.
Vumbi la saruji likatupaka mvi.
Kila mwanya ulionyamaza ulinirudishia kitu:
honi ya feri ya Likoni, mtoto akikariri jedwali la saba,
mafuta yakipokea kitunguu.

Tindo likafika wa kumi na mbili, ulio karibu na kamba zake.
Bi Mwanashuru hakusema neno.
Alikuwa akihesabu vibanio, akahesabu tena.
"Wacha huo," nikamwambia Kalume.

Katika ripoti ya Bwana Taib niliandika:
mianya kumi na mmoja imerekebishwa,
mmoja umeachwa kwa ajili ya vipimo.

Wala si uongo.